Mfuko wa nyongo wa mbwa ukijaa ute: apasuliwe au asubiriwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mbwa jike wa aina ya Cocker Spaniel, anaitwa Kito, ana miaka 10 na kilo 12. Wiki tatu zilizopita alianza kukataa chakula na kutapika maji ya manjano asubuhi. Kliniki ya kwanza walisema ni kupe, wakamchoma sindano na kunipa vidonge. Akapata nafuu siku mbili, kisha macho yakawa manjano. Tulipompeleka kwingine akapigwa altrasaundi, tukaambiwa mfuko wa nyongo umejaa ute ulioganda na inabidi utolewe. Gharama ni kubwa, kaka yangu anasema mbwa mzee hapasuliwi, na jirani ananishauri nimnyweshe mafuta ya zeituni na limau ili uyeyuke. Je, hakuna dawa? Na akitolewa mfuko huo ataishije? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Naanza na jibu lenyewe kwa sababu siku ulizonazo si nyingi. Ikiwa kilichoonekana ni ute ulioganda kweli, na Kito ana macho ya manjano huku anatapika, basi tiba yake ni kupasuliwa, na apasuliwe mapema, mara tu dripu itakapomrudishia nguvu kidogo. Dawa zipo, lakini zina wakati wake, na Kito ameshaupita. Mafuta ya zeituni na limau usimpe kabisa. Sasa nikueleze sababu, maana unakwenda kutoa pesa nyingi na ni haki yako kuelewa kila hatua.

Kila aliyekulia nyumba inayochinja kuku anaijua nyongo. Ni kile kifuko cha kijani kilichojibanza kwenye ini, na mtoto anayefundishwa kupasua kuku huambiwa kwa ukali asikitoboe. Kikitoboka, nyama yote iliyoguswa inakuwa chungu. Ikumbuke picha hiyo, nitairudia. Mbwa naye anacho kifuko hicho, kimekaa kati ya vipande vya ini upande wa kulia. Ini ndilo linalotengeneza nyongo, mchana na usiku. Kazi ya mfuko ni kuihifadhi na kuikoleza kwa kunyonya maji yake. Mbwa akila, hasa chakula chenye mafuta, mfuko hujikamua, nyongo ikateremka kwa mrija mwembamba mpaka mwanzo wa utumbo, ikayavunja mafuta yaweze kusagwa. Lakini nyongo ni njia ya kutupa taka pia. Chembe nyekundu za damu zikizeeka huvunjwa, na rangi inayobaki, yaani bilirubini, hukusanywa na ini na kutolewa pamoja na nyongo. Rangi hiyo ndiyo inayokipa kinyesi ukahawia wake. Ukilishika hili la bilirubini, umeshaelewa nusu ya ugonjwa wa Kito.

Fikiria mtaro wa mvua mtaani kwenu. Unaweza kufurika kwa sababu mvua imezidi, au kwa sababu mtaro wenyewe umebomoka, au kwa sababu mbele kuna takataka zimeziba. Manjano ya mbwa yanakuja kwa njia hizo hizo tatu, na kila njia ina tiba yake.

Mvua ikizidi ni pale chembe nyekundu zinapovunjika kwa wingi kuliko ini linavyoweza kusafisha. Huku kwetu hilo mara nyingi ni babesia, kijidudu kinacholetwa na kupe na kuishi ndani ya chembe zenyewe. Ndiyo maana daktari wa Afrika Mashariki akiona mbwa wa manjano, mawazo yake yanakimbilia kwenye kupe, na hakosei kukimbilia huko. Mbwa wa babesia ana homa, anahema, mkojo wake unaweza kuwa mwekundu, na ufizi wake umepauka kwa kuishiwa damu hata kama una manjano juu yake. Mtaro ukibomoka ni ini lenyewe kuugua: sumu, virusi vya homa ya ini ya mbwa, au leptospira, ugonjwa wa mkojo wa panya uleule uliowapata watu Lindi mwaka 2022 na kutangazwa kwa jina la homa ya Mgunda. Huo unahama kutoka kwa mbwa kwenda kwa mtu kupitia mkojo. Kwa hiyo mpaka daktari auondoe kwenye orodha, vaa glavu unaposafisha alipokojoa Kito na wazuie watoto wasicheze hapo. Na mtaro ukiziba mbele, ndipo tunapofika kwenye mfuko wa nyongo na mrija wake.

Mbwa wa njia hii ya tatu ufizi wake ni wa manjano lakini haukupauka. Mkojo wake ni kama chai ya rangi iliyokolea. Nyongo ikiziba kabisa, kinyesi kinapoteza rangi na kuwa cha kijivu kama udongo wa mfinyanzi. Kuna kipimo cha bei ndogo sana kinachoanza kuzitenganisha njia hizi: damu kidogo huwekwa kwenye kijirija chembamba, ikazungushwa kwa mashine, kisha hupimwa chembe nyekundu zimejaza sehemu gani ya kijirija. Mbwa akiwa manjano huku chembe zake zikiwa nyingi kama kawaida, si rahisi babesia iwe ndiyo sababu. Huyo anahitaji altrasaundi siku hiyohiyo.

Nimeshakosea hapo mimi mwenyewe, na sijasahau. Nilikuwa bado mgeni kazini, akaletwa mbwa mdogo wa manjano, ana kupe wawili sikioni. Nikaona kupe, nikaacha kuona mbwa. Nilimtibu babesia siku nne. Siku ya tano tumbo lilikuwa limejaa maji, na nilipoingiza sindano yakatoka maji ya kijani kibichi. Mfuko ulikuwa umepasuka. Hakufika jioni. Tangu hapo sijamchoma mbwa yeyote wa manjano sindano ya kupe kabla ya kuiangalia damu yake. Kwa hiyo sitamlaumu daktari wa kwanza wa Kito, ila wewe ukiwa mwenye mbwa una haki ya kuuliza: damu yake imepungua au haikupungua? Na ile nafuu ya siku mbili isikudanganye. Mbwa mwenye tatizo la nyongo hupanda na kushuka hivyo, leo anakula, kesho hataki, na sindano yoyote iliyochomwa katikati hupewa sifa isiyo yake.

Sasa huu ute. Ngozi ya ndani ya mfuko wa nyongo hutoa ute kidogo wa kujikinga, maana nyongo ni kali. Kwa baadhi ya mbwa ute huo huzidi na kubadilika, ukawa mzito, ukawa kama jeli, mwishoni kama mpira. Madaktari tunauita mukoseli. Mfuko unaacha kujikamua, unatanuka, na ute unaanza kuingia kwenye mrija na kuuziba. Ukuta wa mfuko ukitanuliwa muda mrefu hukosa damu, ukaoza sehemu, ukapasuka. Binadamu anayeugua nyongo kwa kawaida ana mawe, na mengi ni ya mafuta ya kolesteroli. Mbwa naye hupata mawe, lakini ni nadra, na mara nyingi yametengenezwa na rangi ya nyongo pamoja na kalsiamu. Ndiyo sababu ushauri wa mtu aliyetibiwa mawe yake hospitali hauwezi kuhamishiwa kwa mbwa.

Kwa nini Kito? Kwanza ni uzao wake. Mukoseli huwapata zaidi mbwa wa Shetland, Cocker Spaniel, Miniature Schnauzer, Pomeranian na Chihuahua. Mbwa wetu wa kienyeji anaweza kuupata, ila Cocker ni miongoni mwa wanaojulikana kwa ugonjwa huu. Pili ni umri: wengi wanaougua wana miaka 9 na kuendelea. Tatu, na hapa nataka usome polepole, ni homoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba uwezekano wa mbwa mwenye ugonjwa wa Cushing kuwa na mukoseli ni mara 29 ukilinganisha na asiye nao. Cushing ni hali ya mwili kuwa na homoni ya kotizoli kupita kiasi. Tezi ya shingo iliyolegea nayo inahusishwa, na vilevile mafuta mengi katika damu. Jiulize basi: katika mwaka huu uliopita, Kito amekuwa akinywa maji mengi mno na kukojoa sana? Tumbo limeshuka kama chungu ilhali mgongo na miguu imekonda? Manyoya yanapungua pande zote mbili sawasawa? Na je, amekuwa akichomwa sindano za kuondoa muwasho kila baada ya wiki chache? Hilo la mwisho naliuliza kwa sababu mbwa wengi wa mijini huchomwa steroidi kila wanapojikuna, mwaka baada ya mwaka, na steroidi za muda mrefu humletea mbwa hali ileile ya Cushing. Mwambie daktari wake kila kitu alichowahi kupewa. Asipojua, baada ya operesheni mbwa anaweza kupona vibaya, na kidonda kikakataa kufunga.

Kabla hujakubali operesheni, kuna maswali mawili ya kumuuliza aliyepiga altrasaundi. Si ya kumtilia shaka. Mimi mwenyewe hupenda kuulizwa.

La kwanza: ule uzito ndani ya mfuko ulisogea Kito alipogeuzwa? Mbwa wengi wazima kabisa wana nyongo nzito, kama mashapo chini ya mtungi. Mbwa akigeuzwa, mashapo yanahamia upande wa chini. Hayo si mukoseli na peke yake si ya kupasuliwa. Mukoseli haihami. Umekaa palepale, na ukikomaa unaonekana na mistari inayotoka katikati kwenda pembeni kama chungwa lililokatwa kwa upana. Vitabu vya madaktari vinaufananisha na tunda la kiwi. Kumbuka pia kwamba mbwa asiyekula siku tatu huwa na mfuko mkubwa uliojaa nyongo nzito kwa kukosa tu chakula cha kuukamua. Ukubwa peke yake, basi, si ushahidi.

La pili: kongosho lilionekanaje? Mrija wa nyongo unapita jirani kabisa na kongosho kabla ya kuingia utumboni. Kongosho likivimba, mara nyingi baada ya mbwa kula mafuta mengi kama ngozi za kuku na mabaki ya nyama choma, linaweza kuubana mrija na kuleta manjano yaleyale. Huyo kwa kawaida hapasuliwi. Anapewa dripu, dawa ya maumivu na ya kutapika, uvimbe unapungua na mrija unajifungua wenyewe. Nimeona wenye mbwa wakiambiwa operesheni hapo ambapo siku tano za uangalizi zingetosha. Kwa hiyo jibu langu la juu linasimama kwa sharti hili: ute hausogei, na kongosho si chanzo.

Tuje kwenye dawa. Ipo dawa iitwayo urso, vidonge vilevile ambavyo watu hupewa kwa ugonjwa wa ini, vinapatikana kwenye maduka makubwa ya dawa ya binadamu. Kwa mbwa huwa ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa siku, pamoja na chakula. Inaifanya nyongo kuwa nyepesi na kutiririka. Mbwa aliyegunduliwa mukoseli kwa bahati, anayekula vizuri, asiye na manjano, anaweza kupewa urso, chakula kisicho na mafuta mengi, akatibiwa Cushing au tezi yake kama anayo, na kurudiwa altrasaundi kila baada ya wiki kadhaa. Wachache miongoni mwao ute huyeyuka kabisa. Ninao wagonjwa ninaowafuatilia hivyo na wanaishi vizuri. Lakini urso inasukuma nyongo itiririke. Kama mrija umeziba, itiririke kwenda wapi? Utakuwa unasukuma maji kwenye bomba lililofungwa mbele huku ukuta wake umeshachakaa. Hapo ndipo alipo Kito, na ndiyo maana nasema wakati wa urso umempita.

Mafuta ya zeituni na limau ni hatari hiyohiyo, tena bila kipimo chochote. Mafuta yanauamrisha mfuko ujikamue kwa nguvu. Mfuko ulioziba na kuoza ukikamuliwa, unapasuka. Mafuta hayohayo yanaweza kulichokoza kongosho. Na mbwa anayetapika akinyweshwa mafuta kwa lazima, yanaweza kuingia mapafuni. Ndimu, siki, shubiri, maji ya mwarobaini, vyote viache. Na tafadhali, kwa maumivu usimpe panado, wala diklofenaki, wala ibuprofeni. Ini lake sasa haliwezi kuzibeba, na hata la mbwa mzima ni kwa shida.

Kuhusu uzee, mpe kaka yako salamu zangu na umwambie hivi. Uzee wenyewe haumzuii mbwa kupewa nusukaputi. Kinachomuua mbwa mezani ni hali aliyofikishwa nayo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwatazama mbwa 70 waliotolewa mfuko wa nyongo. Waliopasuliwa kwa mpango, wakiwa bado wana afya au wana dalili ndogo, walikufa asilimia 2. Waliopasuliwa wakiwa tayari wamezidiwa walikufa asilimia 20. Operesheni ni ileile. Kilichotofautiana ni siku iliyochaguliwa. Na utafiti mwingine, wa mwaka 2019, ulikuta jambo ambalo mimi nilikuwa naliona kliniki bila kuwa na takwimu zake: mbwa walioanzishiwa dawa, zikashindwa, ndipo wakapasuliwa, waliishi muda mfupi kuliko waliopasuliwa moja kwa moja, na hata kuliko waliobaki na dawa peke yake. Kito ameshapita ile hatua ya asilimia 2, sitakuficha. Lakini yuko mbali na mbwa ambaye mfuko umeshapasuka, na kila siku ya kusubiri inamsogeza huko.

Mfuko ukipasuka ndipo lile somo la kuku linaporudi. Nyongo inayochoma hata nyama mbichi inamwagika juu ya utumbo, ini na utando wa ndani wa tumbo vilivyo hai. Kama ndani yake kuna bakteria, na mara nyingi ni wale wanaotoka utumboni kama Escherichia coli, sumu yao inaingia kwenye damu haraka. Dalili zake ni tumbo kuvimba na kuwa gumu, mbwa kukaa ameinama kama anayesali, miguu ya mbele chini na makalio juu, ufizi kubadilika rangi, miguu kuwa baridi, mapigo ya moyo kwenda mbio. Daktari huchukua maji ya tumboni na kupima bilirubini yake: ikiwa zaidi ya mara mbili ya ile iliyo kwenye damu, mfuko au mrija umevuja. Ukimwona Kito hivyo usiku, usingoje asubuhi.

Sasa operesheni yenyewe. Kwa siku moja au mbili, wakati mwingine saa chache tu kama hali ni mbaya, atawekewa dripu ya kurekebisha maji na chumvi za mwili, atapewa dawa ya kuzuia kutapika na ya maumivu. Aombewe kipimo cha kuganda kwa damu. Nyongo isipofika utumboni, vitamini zinazobebwa na mafuta hazinyonywi, na mojawapo ni vitamini K ambayo ini linaihitaji kugandisha damu. Sindano ya vitamini K1 kabla ya kupasua ni kitu kidogo, bei ndogo, na imeokoa mbwa wengi wasivuje damu mezani. Ukiuliza swali moja tu siku hiyo, uliza hilo.

Mezani mpasuaji anafungua tumbo katikati, anahakikisha mrija mkuu unapitisha, kisha anaubandua mfuko kutoka kwenye ini taratibu na kuufunga mrija wake kwa uzi kabla ya kuukata. Mfuko haushonwi ukarudishwa, wala haukamuliwi ute ukaachwa. Unatolewa wote, kwa sababu ugonjwa uko kwenye ngozi yake. Omba ukuta wa mfuko na kipande kidogo cha ini vipelekwe maabara, na nyongo ioteshwe ili ijulikane kama ina bakteria na dawa gani inawaua. Wengi huruka hatua hii kuokoa pesa, kisha mbwa anameza antibayotiki wiki nne bila mtu kujua kama anazihitaji.

Hii si operesheni ya kila kliniki, na daktari mwema atakwambia hivyo mwenyewe. Muulize amewahi kuutoa mfuko wa nyongo mara ngapi, kama ana msaidizi wa nusukaputi anayekaa na mbwa mwanzo hadi mwisho, na nani atakuwa na Kito usiku wa kwanza. Usiku huo ndio mgumu. Kama jibu halikuridhishi, omba barua ya rufaa. Tanzania tuna shule ya tiba ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Walioko Kenya wana Kabete, chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Uganda kuna Makerere. Piga simu kwanza uulize nani yupo wiki hiyo, ndipo usafiri.

Atakaa hospitali siku chache. Hatari iliyobaki ni nyongo kuvuja pale ilipofungwa, kongosho kuvimba, shinikizo la damu kushuka, au damu kuganda na kwenda mapafuni. Hatari hizo karibu zote zimo ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mbwa akizivuka wiki hizo, mara nyingi anaishi miaka yake iliyobaki kama mbwa mwingine. Nina Cocker mmoja aliyepasuliwa akiwa na miaka 9, akaja kuniaga kwa uzee na miaka 14.

Umeuliza ataishije bila mfuko. Ini litaendelea kutengeneza nyongo, nayo itadondoka utumboni kidogo kidogo mchana kutwa badala ya kumwagwa kwa mkupuo baada ya mlo. Kwa hiyo mpe chakula kidogo mara tatu au nne kwa siku badala ya sahani moja kubwa jioni. Wiki za mwanzo kuku wa kuchemsha asiye na ngozi pamoja na wali, au samaki mweupe aliyetolewa miiba yote, vinafaa. Ugali laini kidogo hauna ubaya. Usitie kitunguu, wala nazi, wala mafuta. Lakini kuku na wali haviwezi kuwa chakula chake cha mwaka mzima, vina upungufu wa madini; baada ya wiki tatu au nne muombe daktari akupangie chakula kamili chenye mafuta kidogo. Damu irudiwe kupimwa baada ya wiki mbili hadi nne. Vimeng'enya vya ini vinaweza kuchelewa kushuka hata mbwa akiwa mchangamfu, usiogope karatasi ukimwona anakimbia. Bilirubini ndiyo inapaswa kushuka mapema. Na hapo, akiwa ametulia, ndipo apimwe Cushing na tezi, si leo. Mbwa anayeumwa sana homoni zake hupanda na kushuka kwa sababu ya maumivu, na kipimo kinaweza kudanganya.

Imebaki habari ya pesa, nami siwezi kuikwepa. Kama ukizihesabu na hazifiki, hujamtupa mbwa wako. Mwambie daktari waziwazi kiasi ulichonacho kabla hajaanza vipimo, ili kisiishie kwenye vipimo. Njia ya dawa kwa mbwa mwenye manjano ina nafasi ndogo, lakini si sifuri: dripu, vitamini K1, antibayotiki ikiwa kuna homa au chembe nyeupe nyingi, dawa ya kutapika, na kumwangalia bilirubini kila siku mbili. Ikishuka, mrija unapitisha, na hapo urso inaweza kurudi mezani. Isiposhuka kwa siku nne au tano, au akianza kuvimba tumbo, kumlaza kwa sindano asiumie ni uamuzi wa huruma, na mtu asikufanye uone aibu kwa huo.

Leo jioni fanya haya. Chukua picha ya ufizi wake kwenye mwanga wa jua, si wa taa. Piga picha ya kinyesi na uangalie rangi ya mkojo. Andika dawa zote alizopewa tangu mwaka jana. Muombe aliyepiga altrasaundi akupe picha zenyewe pamoja na ile ripoti. Maji muachie. Chakula asilazimishwe, na kama atapasuliwa kesho asubuhi, uliza saa ya mwisho ya kula kabla hujalala.